Mvuke, kukamua au kuloweka? Kuchagua njia ya kutoa mafuta ya kunukia ukiwa Dodoma

Wengi wanaotaka kuanza kutengeneza mafuta ya kunukia hapa Dodoma huanza na swali la mtambo: ninunue upi, wa ukubwa gani, nani ataniundia. Mimi naomba tuanze na maji. Mkoa huu hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni bomba la mgao, kisima ambacho mara nyingi maji yake yana chumvi, au boza la kulipia. Na njia nyingi za kutoa mafuta ya kunukia zinakula maji na kuni kuliko anavyodhani mtu ambaye hajawahi kuusimamia mtambo kuanzia asubuhi hadi mchana. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba njia fulani inatoa mafuta safi zaidi, usiishie hapo. Uliza na hili: chupa moja itanigharimu madumu mangapi ya maji na kuni kilo ngapi? Ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata maswali hayo.

Kwanza mmea

Mafuta ya mbegu na mafuta ya kunukia ni vitu viwili tofauti, na kuna watu wamepoteza fedha kwa kutolijua hilo mapema. Mafuta ya alizeti ya Singida, ya ubuyu, ya mlonge, ya mwarobaini, hata ya zile mbegu za zabibu zinazobaki baada ya kutengeneza mvinyo, ni mafuta mazito yasiyopanda na mvuke. Chemsha mbegu za mwarobaini kutwa nzima, mwisho wa siku utakuwa na maji yenye harufu kali na hakuna mafuta ya kuuza. Mbegu hizo zinataka mashine ya kukamua, basi. Mafuta ya kunukia yenyewe hukaa kwenye vifuko vidogo sana ndani ya majani, maua, maganda au magome, na tabia yake ni kuruka hewani. Ndiyo maana unayanusa.

Kuna jaribio la karatasi ambalo halina gharama. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, iache kivulini hadi kesho yake. Mafuta ya mbegu yataacha doa la grisi linalopitisha mwanga. Mafuta safi ya mkaratusi yataondoka na karatasi itabaki karibu kama ilivyokuwa. Litakufaa pia siku ukiwa mnunuzi, kwa sababu mafuta ya kunukia yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya kula hayawezi kuficha lile doa.

Kwa mazingira yetu, mimea inayofaa kufikiriwa ni mchaichai, mkaratusi, kivumbasi, rozimari na mnanaa kwa mwenye umwagiliaji, na maganda ya machungwa yanayotoka nje ya mkoa. Mchaichai mbichi hutoa mafuta asilimia 0.2 hadi 0.5 ya uzito wake. Mikaratusi inatofautiana sana: ipo inayotoa asilimia moja au mbili, na ipo, hasa ile iliyopandwa maeneo makavu kwa ajili ya nguzo na kuni, ambayo mti mmoja una harufu ya kutosha na wa jirani yake hauna kitu. Sugua jani mkononi kabla ya kukata tawi. Kivumbasi nacho kina aina kadhaa. Ile inayonukia kafuri haina mafuta sawa na ile inayonukia karafuu, na mnunuzi anayejua kazi yake atakuuliza ni ipi. Linganisha na karafuu yenyewe, ambayo kikonyo chake tu hutoa asilimia tano na zaidi. Ndiyo maana kule Pemba kiwanda cha makonyo cha Wawi kinaweza kuishi kwa kitu ambacho wakulima wengine wangekitupa. Upande wa pili kuna waridi, linalohitaji tani tatu hadi tano za petali kutoa kilo moja ya mafuta. Mchaichai wetu uko karibu na waridi kuliko karafuu, na hesabu zako ziheshimu jambo hilo.

Msandali wa porini usiuguse. Mafuta yake yako kwenye mizizi na kiini cha mti, kwa hiyo anayeyataka huung'oa mzima. Tangu 2013 mti huo wa Afrika Mashariki umo kwenye orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake ya nje inadhibitiwa kwa vibali.

Njia tatu za mvuke

Watu husema "mvuke" kana kwamba ni njia moja. Ni tatu, na tofauti zake zinaonekana kwenye chupa.

Zote zinategemea jambo moja la kushangaza. Kiini cha harufu ya mchaichai, kinachoitwa sitrali, peke yake huchemka kwenye nyuzi 229 hivi za Selsiasi. Ungesema haiwezekani kukipandisha kwa sufuria ya maji. Lakini maji na mafuta yasiyochanganyika yakipata moto pamoja, kila kimoja kinachangia msukumo wake wa mvuke, na kwa pamoja huchemka kabla maji yenyewe hayajafika kiwango chake. Dodoma iko juu kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mafuta hupanda na mvuke huo, yanapita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, yanarudi kuwa kimiminika, na ndani ya chupa ya kutenganishia yanaelea juu ya maji. Mafuta ya karafuu ndiyo huzama. Usije ukayamwaga ukidhani hujapata kitu.

Njia ya kwanza ni kuchemsha majani yakiwa ndani ya maji kabisa. Mtambo wake ndio rahisi kuliko yote: chungu cha chuma, mfuniko, bomba. Inafaa kwa vitu vya unga, kwa magome, na kwa petali ambazo zikipigwa na mvuke hugandana na kuwa donge. Ubaya wake ni kwamba unachemsha maji mengi bila sababu, na kuni zinaisha kwa kuyapasha maji badala ya kutoa mafuta. Maji yakipungua chini, majani yanagusa chuma na kuungua. Harufu ya moshi ikishaingia kwenye mafuta haitoki tena. Baadhi ya viungo vya harufu, hasa vile vitamu vya maua, huvunjika vikikaa muda mrefu kwenye maji ya moto. Kwa majani, mimi siishauri.

Njia ya pili ni wavu. Ndani ya pipa lile lile unaweka wavu wa chuma sentimita 20 au 30 juu ya kitako, maji yanakaa chini yake, majani juu. Majani hayagusi maji, yanapitiwa na mvuke tu. Tofauti ya gharama kati ya njia hii na ya kwanza ni wavu wenyewe na nondo chache za kuubeba, lakini tofauti ya kazi ni kubwa: maji ya kuchemsha ni machache, muda ni mfupi, mafuta hayaungui. Inachotaka ni upakiaji wenye uangalifu. Majani yakiwa marefu na yamelegea upande mmoja, mvuke utatafuta mwanya na kupanda hapo hapo, na nusu ya pipa lako itatoka mbichi. Katakata mchaichai vipande vya kiganja, panga kwa tabaka, shindilia kando kando ya pipa kuliko katikati, kwa sababu mvuke hupenda kupenya ukutani.

Njia ya tatu ni kutenganisha kabisa boila na chombo cha majani. Mvuke unatengenezwa pembeni, unaletwa kwa bomba na kuingizwa chini ya majani. Hii ndiyo njia ya viwanda. Unaweza kuongeza au kupunguza mvuke upendavyo, unaweza kuwa na vyombo viwili ili kimoja kikifanya kazi kingine kinapakuliwa, na mafuta yanatoka ya aina moja siku zote, jambo ambalo mnunuzi mkubwa hulipenda. Lakini boila ni chombo cha presha. Linahitaji valvu ya usalama inayofanya kazi, ukaguzi, na mtu aliyefundishwa. Na hapa kwetu kuna adui wa ziada: maji ya visima yenye chumvi na chokaa. Ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika la chai utajijenga ndani ya boila, utazuia joto kupita, na chuma kitapata moto kupita kiasi. Kama huna maji laini au ya mvua yaliyohifadhiwa, boila litakula faida yako kwa matengenezo.

Kwa mtu mmoja au kikundi chenye robo eka hadi eka mbili za mchaichai, chaguo langu halina shaka: wavu.

Madumu na kuni

Chukua pipa la lita 200 lenye wavu. Ukishaacha nafasi ya maji chini, litabeba kilo 30 hadi 40 za mchaichai uliokatwa. Tuseme umeshindilia vizuri, ni kilo 40. Kwa asilimia 0.3, utapata gramu 120 za mafuta. Ni kama chupa kumi na tatu za mililita 10, na kidogo juu yake.

Ili kuyapata hayo, tuseme unahitaji kuvukiza na kupoza lita 25 za maji. Kupoza mvuke huo ndipo maji yanapoondoka. Kama maji ya kupozea yanaingia na nyuzi 25 na kutoka na nyuzi 45, na unayaacha yamwagike, utatumia karibu lita 750. Hayo ni madumu 37 ya lita 20 kwa gramu 120. Mtu anayenunua maji kwa dumu hawezi kufanya biashara hiyo hata siku moja, wala simshauri mtu yeyote katika mkoa huu kumwaga maji kiasi hicho.

Kuna njia mbili za kutoka hapo, na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni kipozeo kilichotengenezwa vizuri: maji baridi yaingie kwa chini, yatokee juu, polepole, yakutane na mvuke unaoshuka. Ukiweza kuyaacha yatoke na nyuzi 65 badala ya 45, umepunguza matumizi kwa nusu. Mafundi wengi hufunga bomba la maji kinyume, yaingie juu, kwa sababu ni rahisi kuliunganisha. Kataa. Ya pili ni kuzungusha maji yale yale. Ukiwa na tangi la lita 1,000 na pampu ndogo, pipa moja la mchaichai litayapandisha maji ya tangi zima kwa nyuzi 15 hivi. Ukianza alfajiri na maji ya nyuzi 20, utamaliza yakiwa 35, na usiku yatapoa yenyewe. Kwa mpango huo, tangi moja ni pipa moja kwa siku, na unachopoteza ni maji kidogo ya uvukizi. Juni na Julai, usiku wa Dodoma unaposhuka hadi nyuzi 13 au 14, tangi hupoa vizuri kuliko miezi mingine yote. Oktoba na Novemba ni shida, na hapo ni afadhali kuanza saa kumi alfajiri.

Kipimo cha upozaji ni mkono wako. Shika mdomo wa bomba mahali mafuta yanapodondokea. Ukiwa vuguvugu, sawa. Ukikuunguza, au ukiona mvuke mwembamba unatoka pamoja na matone, mafuta yako yanaruka hewani na mtaa mzima unanusa fedha yako.

Kuni nazo zina hesabu yake. Kwa makadirio ya pipa hilo hilo, mafiga matatu ya wazi yatakula kilo 45 hadi 50 za kuni kavu. Jiko lililofungwa kwa matofali na udongo, lenye mlango mdogo na bomba la moshi, likalikumbatia pipa hadi nusu ya urefu wake, litakula kilo 20 hivi. Gesi ya kupikia itakwenda karibu kilo 4, maana yake mtungi wa kilo 15 haufikishi mapipa manne. Kwa gramu 120 kila pipa, piga mwenyewe uone kama bei unayoahidiwa inarudisha mtungi. Ninachopenda zaidi kwa kanda hii ni kutumia mabaki: magunzi ya mahindi, maganda ya karanga, na majani yenyewe ya mchaichai yaliyokwisha kutolewa mafuta na kukaushwa juani. Mchaichai uliochoka unawaka vizuri. Kukata miti ya porini ili kuchemshia majani ni kuiumiza nchi ambayo tayari imechakaa. Kondoa iliwahi kumomonyoka hadi serikali ikaondoa mifugo katika sehemu zake mwaka 1979, na wanaotoka kule hawahitaji kuelezwa.

Muda nao ni kuni. Mchaichai ulionyauka kivulini kwa siku moja unaingia mwingi zaidi ndani ya pipa na hauna maji mengi ya kupasha. Usiuanike juani, jua la hapa litayachukua mafuta kabla yako. Pipa likianza kutoa, kusanya kwenye chupa ya kioo angavu ili uone. Mafuta mengi hutoka mwanzoni. Baada ya hapo matone yanapungua, na kuna saa ambayo kuni unazoongeza zina thamani kuliko tone unalolisubiri. Zima. Mtu anayeng'ang'ania tone la mwisho anajitia hasara na kudhani ni bidii.

Zile lita 25 za maji yaliyotoka pamoja na mafuta usizimwage. Watu wa pwani wanajua thamani yake, marashi ya mawaridi yanayonyunyizwa kwa mrashi harusini ni maji ya namna hiyo hiyo. Mtengeneza sabuni anaweza kuyatumia badala ya maji ya kawaida. Ila hayakai: bila kihifadhi, yataota ukungu, kwa hiyo yauze au yatumie mapema.

Jirani ataona kitu kingine

Mtambo wa wavu, na ule wa kuchemsha, unafanana sana na mtambo wa gongo. Pipa, moto, bomba linalopita kwenye maji, chupa mwishoni. Nakumbuka mzee mmoja aliyesimama kando ya uzio akiangalia kwa muda mrefu kabla hajasema:

"Mwanangu, mimi ni mjumbe hapa. Hiki unachopika kitatuletea polisi."

"Shikamoo mzee wangu. Karibu ndani unuse mwenyewe."

Alinusa, akaomba kidogo kwa ajili ya mbu. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Kabla ya kuwasha moto wa kwanza, peleka taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mwalike aje kuona, na kama ni kikundi, muwe na utambulisho wa maendeleo ya jamii. Njia zinazofuata hapa chini hazina shida hiyo.

Kukamua maganda bila moto

Mchungwa hauhitaji mvuke. Mafuta yake yako juu kabisa ya ganda, na ukilibana tu yanaruka; mtoto yeyote aliyewahi kubinya ganda mbele ya mshumaa ameona cheche zake. Angalia wauza machungwa wa soko la Majengo au Sabasaba wanavyomenya: kisu kinazunguka na kutoa utepe mwembamba wa ngozi ya juu, kikiacha ile nyeupe kwenye tunda. Bila kukusudia, wanakutengea sehemu yenye mafuta na kuacha isiyo nayo. Ule utepe unaishia kwenye ndoo ya taka.

Kukamua kwenyewe ni kusaga ganda bichi la siku hiyo hiyo, kulibana kwa presi ya skrubu, kuchuja, kisha kuacha mchuzi utulie kwenye jokofu hadi mafuta yajitenge juu. Maji ya kupozea, sifuri. Kuni, sifuri. Harufu inayotoka ni ya chungwa lenyewe, si ya chungwa lililopikwa. Upungufu wake ni kwamba kwa presi ya mkono mafuta mengi hubaki kwenye makapi, na kama tunda lilipuliziwa dawa shambani, dawa hiyo inakuja nawe ndani ya chupa. Unaweza kuyapitisha maganda yale yale kwenye pipa la wavu, upate mafuta mengi zaidi na meupe, ila yatakuwa na harufu iliyopoa kidogo na yataharibika haraka, kwa sababu vitu vinavyoyalinda havipandi na mvuke.

Kuna tofauti moja nyingine ambayo kwa jua letu ni kubwa. Mafuta ya ndimu na limau yaliyokamuliwa bila moto yana viungo vinavyofanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Mwongozo wa kimataifa wa watengenezaji wa manukato unaweka kikomo cha asilimia 0.7 kwa ndimu na 2 kwa limau katika bidhaa inayobaki mwilini. Yaliyopitia mvuke hayana tatizo hilo. Kwa hiyo kwa losheni ya ndimu itakayopakwa na mama anayekwenda shamba, chagua mvuke. Kwa sabuni ya kuoshea, inayosuuzwa, ya kukamua inafaa.

Kuloweka

Hii ndiyo njia ambayo watu wengi wanaiona duni, na mimi naona ndiyo inayowafaa wengi. Unachukua kivumbasi, rozimari au mchaichai uliokauka kivulini hadi unavunjika, unaujaza kwenye chupa ya kioo, unamimina mafuta ya ubuyu, nazi au alizeti hadi yafunike, unaacha mahali penye joto la wastani kwa wiki tatu au nne huku ukitikisa, kisha unachuja kwa kitambaa safi.

Kinachotoka si mafuta ya kunukia halisi, ni mafuta ya mbegu yaliyobeba harufu. Usiyauze kwa jina lisilo lake. Lakini kama lengo lako lilikuwa mafuta ya kupaka, ya nywele au ya kusugulia mwili, ulikuwa unataka kitu hicho hicho tangu mwanzo: hata mafuta halisi ya mchaichai lazima yachanganywe na mafuta mengine kabla ya kugusa ngozi. Jani lisiwe na unyevu hata kidogo, maana maji ndani ya mafuta huleta ukungu. Alizeti ni rahisi kupatikana lakini huchacha mapema kuliko nazi, basi tengeneza kidogo kidogo.

Zilizobaki

Viyeyusho ni kazi ya kiwanda. Asumini na maua mengine laini hayavumilii mvuke, kwa hiyo viwandani huoshwa kwa heksani, kimiminika cha jamii ya petroli kinachoyeyusha mafuta, kisha heksani huondolewa na masalia husafishwa kwa spiriti. Heksani huchemka kwenye nyuzi 69, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi ukutane na jiko la chumba cha pili. Nyumbani, hapana. Na anayekushauri utumie petroli badala yake anakutakia mabaya, hata kama hajui. Kemikali za namna hii hapa nchini zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa usajili. Spiriti safi peke yake ina nafasi yake kwa gundi za kunukia kama ubani na manemane, ila inachovuta si mafuta matupu, ni pamoja na utomvu na rangi.

Gesi ya kaboni dioksidi iliyobanwa ndiyo njia inayosifiwa sana. Inafanya kazi kuanzia nyuzi 31 na presha ya bar 74, zaidi ya mara thelathini ya tairi la gari dogo, haiachi mabaki, na inahifadhi harufu kuliko zote. Inahitaji chuma kinene, pampu maalumu na umeme usiokatika. Ile ya zamani ya Ufaransa, ya kupanga maua juu ya mafuta ya wanyama yaliyotandazwa kwenye kioo, inashindwa na joto letu: mafuta hayo yanayeyuka.

Nani achukue ipi

Mwenye mchaichai uani kwake Nzuguni au Kisasa, anayetaka zawadi na bidhaa chache za kupaka, aloweke. Muuza juisi au mwenye mgahawa akamue maganda yake, aingie ubia na mtengeneza sabuni. Kikundi chenye shamba na maji ya kisima, kijenge pipa la wavu lenye jiko la kufungwa na tangi la kuzungusha, na kisipande mchaichai mpya kabla ya kupata mnunuzi aliyenusa sampuli. Mwenye eka kumi na kuendelea, mkopo, na mkataba wa mnunuzi mkononi, ndiye wa kuzungumzia boila. Na yeyote atakayeuza kipodozi ajue kwamba tangu 2019 usajili wake uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Akiandika kwenye lebo kwamba kinatibu ugonjwa, ameingia kwenye dawa na masharti yake ni mengine kabisa. Chupa ziwe za kahawia, zijae hadi shingoni, zikae mbali na watoto: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinatosha kumdhuru mtoto vibaya.

Ukienda kwa fundi

Pipa lisiwe lililowahi kubeba dawa za mifugo au za shamba, hata kama limeoshwa mara ngapi. Chuma cha kawaida kinashika kutu na kuyatia mafuta rangi. Afadhali stenlesi, angalau kwa mfuniko, bomba na kipozeo, mahali ambapo mafuta yanapita. Mpira na mabomba ya plastiki visikae kwenye njia ya mafuta, sitrali na mafuta ya machungwa huvilainisha. Viungo visichomelewe kwa risasi. Mfuniko ufungwe kwa klempu zinazoachia, na pembeni uzibe kwa unga wa ngano uliokandwa: presha ikizidi, unga utatoka kabla chuma hakijapasuka. Mdomo wa bomba la mvuke uwe mpana, usizibwe na jani.

Kabla ya kulipa fedha ya mwisho, mwambie fundi ajaze maji, awashe moto, mchemshe saa nzima bila majani. Zunguka mtambo ukitafuta mvuke unaovuja, pima lita zilizotoka, shika mdomo wa kipozeo kama tulivyosema. Maji hayo yatatoka na harufu ya grisi ya karakana, ni kawaida. Pipa la pili weka majani ya mkaratusi, yapo mengi na kwa mwenye miti yake hayana gharama, na mafuta yake ya kwanza yatumie kusafishia sakafu. Mchaichai uingie pipa la tatu.